Mlembe bado hana kitabu

Kumfundisha mtoto dunia kwa vitabu vya picha si jambo la jana. Mwaka 1658, mwalimu Comenius wa Moravia alichapisha kule Nuremberg kitabu cha Orbis Sensualium Pictus. Kila somo lina mchoro wenye namba, na namba hizo zinarudi kwenye maneno. Mtoto anamwona nyuki, kisha anamsoma. Tena Kilatini cha shule kimewekwa ubavuni mwa Kijerumani cha nyumbani. Hilo la lugha sisi bado tunabishana nalo.

Kwetu safari ni fupi. Mwaka 1991 ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ukisaidiwa na CODE ya Kanada. Wachapishaji waliogopa kutoa vitabu vya watoto visivyo vya kiada, basi mradi ukawahakikishia kununua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni. Kazi kubwa, naiheshimu. Ila katika vile nilivyoshika mimi, sungura yupo, fisi yupo, na wote wanaongea! Sungura wa kweli, anakula nini, analala wapi, kaachiwa kitabu cha darasani, kile cha kukariri kwa ajili ya mtihani. Ukifika kidato cha kwanza, hata hicho kinageuka Kiingereza.

Sasa njoo Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama. Wilaya hii ina Wahadzabe, na Wahadzabe wana mlembe, ndege mdogo anayemwita mtu na kumwongoza mti kwa mti hadi kwenye asali. Mtu anachukua asali, ndege anakula nta. Mwaka 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood waliandika katika jarida la Science kwamba mlembe wa upande huu anaitikia zaidi mluzi wa Kihadzabe kuliko mlio wa Wayao wa Msumbiji, na kule ni kinyume chake. Yaani ndege anajua lugha ya majirani zake. Habari ya Wahadzabe hiyo, na mtoto wa Nduguti akitaka kuisoma, iko kwa Kiingereza cha wataalamu.

Kurasa 24 zingetosha: mluzi, mbuyu, moshi, nyuki, nta. Na ukurasa mmoja wa kutisha, ambao najua watoto wangeurudia kuliko zote: kinda la mlembe, halijafumbua hata macho, likiwaua kwa mdomo wenye ndoano makinda ya ndege anayelilea.