Dhabihu Inayoliwa

Mahubiri yetu kuhusu msalaba hutumia maneno matatu kana kwamba ni mamoja: sadaka, dhabihu na kafara. Mhubiri huchukua linalomjia kwanza mdomoni, na waumini huitikia "Amina". Lakini maneno hayo hayabebi mzigo mmoja, na mwenye kusema kwamba Kristo alitolewa kafara anapingana na kile anachokwenda kukifanya dakika chache baadaye mbele ya altare.

Kwa asili kafara si neno baya. Limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ni wa ukoo mmoja na jina la Yom Kippur, Siku ya Upatanisho ya Wayahudi: ni kufuta kosa, kulifunika. Kwa Waswahili wa pwani, kafara ni kile kinachotolewa ili balaa limwondokee mtu. Kinaweza kuwa kuku, mbuzi, au chakula kinachoachwa njia panda. Balaa linaondoka nacho, kwa hiyo yule ambaye kafara hiyo imetolewa kwa ajili yake haionji.

Huku Kanda ya Ziwa, Tanzania, neno limeharibika zaidi. Mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoanza kuripotiwa kwa wingi karibu na mwaka 2007, yameacha kitisho kisichokwisha, na siku hizi "kutoa kafara" ni kumuua mtu, mara nyingi mtoto au ndugu, ili mwingine atajirike. Mama wa huku, wa Bisibo au Nyakahura, anayeambiwa kwamba Mungu alimtoa Mwanawe kafara anaona nini? Anamwona baba aliyeuza damu ya mwanawe. Injili inasema kinyume kabisa: katika sura ya 10 ya Yohana, Yesu anasema uhai wake hanyang'anywi na mtu, bali anautoa mwenyewe. Mtoaji na kitolewacho ni mmoja. Tofauti hiyo si ndogo, na haifai kuachwa ipotee kwa sababu ya uvivu wa kuchagua neno.

Sasa dhabihu. Nalo ni la Kiarabu, na maana yake ni mnyama aliyechinjwa. Madhabahu, yaani mahali pa kuchinjia, limezaliwa humohumo. Biblia ya Kiswahili ya Muungano ya mwaka 1952 imelifanya kuwa neno lake la kawaida kwa jambo hili. Linalolitenga na kafara ni kwamba dhabihu huweza kuliwa. Fungua Walawi sura ya 7, kwenye sadaka za amani, utaona mgawanyo wa nyama ulivyopangwa kwa makini. Mafuta yanateketezwa kwa ajili ya Mungu. Kidari ni cha Haruni na wanawe. Paja la kulia ni la kuhani aliyehudumu. Nyama iliyobaki anaila mwenye kutoa pamoja na watu wake, na ile ya shukrani lazima iliwe siku hiyohiyo, isilale hadi asubuhi. Mungu amepata fungu, kuhani amepata, na mkulima aliyemfuga mnyama amepata. Ndiyo maana Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliweza kusema kwamba wanaokula dhabihu wana ushirika na madhabahu. Mwana-kondoo wa Pasaka pia aliliwa usiku uleule. Na usiku wa Karamu ya Mwisho Yesu hakuwaambia wanafunzi wautazame mwili wake. Aliwaambia wale.

Anayeijua Barua kwa Waebrania atanipinga, na ana hoja. Wanyama wa Siku ya Upatanisho hawakuliwa. Miili yao ilichomwa nje ya kambi, na sura ya 13 inasema Yesu naye aliteswa nje ya lango. Je, hiyo si kafara? Lakini sura hiyohiyo inatangulia kusema kwamba tunayo madhabahu ambayo wahudumu wa hema hawana ruhusa ya kula vyake. Maana yake sisi tunayo. Ile sadaka ya dhambi iliyokuwa mwiko kuonjwa sasa imeandaliwa mezani. Kwangu mimi hapo ndipo imani ya Kikristo ilipopita mipaka ya kila kafara iliyowahi kutolewa duniani.

Meza hiyo Mkatoliki wa Rulenge huiita Komunyo, Mwanglikana wa Murgwanza huiita Ushirika Mtakatifu, Mluteri huiita Chakula cha Bwana. Wamebishana kwa karne nyingi. Mtaguso wa Trento ulitamka mwaka 1562 kwamba Misa ni sadaka ya kweli, nao Waprotestanti walishikilia kwamba Kristo alijitoa mara moja tu. Hata hivyo wote hula.

Sadaka, lile neno la tatu, limepungua maana. Katika vigango vingi padre hafiki kila Jumapili. Katekista anaongoza ibada, kapu linapita, na wakati wa mavuno huletwa mkungu wa ndizi, maharage kwenye ungo, kuku aliyefungwa miguu. Komunyo haipo. Muumini wa kigango cha namna hiyo akisikia "sadaka" anafikiria anachokitoa yeye, si alichopewa.

Zile sadaka za Walawi ziliitwa za amani, na jina hilo lina gharama. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini mwao, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa takriban siku moja, na katika kambi ya Benaco walioua waliishi pamoja na wasioua, Wakristo wengi kati yao. Mathayo sura ya 5 inamtaka mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Lakini mafundisho ya Komunyo ya kwanza kwa kawaida huanza na sala za kukariri na namna ya kupokea. Ningeomba makatekista waanze na Walawi 7, watoto wajue nani alikula nini na pamoja na nani, kisha ndipo wapelekwe kwenye Karamu ya Mwisho.