Kapu la Jeanne Jugan

Majira ya baridi ya mwaka 1839, katika mji wa bandari wa Saint-Servan, pwani ya Bretagne nchini Ufaransa, Jeanne Jugan alimbeba ajuza kipofu aliyepooza upande mmoja, Anne Chauvin, akampandisha ngazi na kumlaza katika kitanda chake. Yeye mwenyewe akahamia darini. Alikuwa na miaka 47, mtumishi wa nyumbani, binti wa mvuvi aliyepotelea baharini.

Hapo ndipo lilipochipuka Shirika la Masista Wadogo wa Maskini. Wazee wakaongezeka, fedha hakuna. Baadhi yao walikuwa wamezoea kuombaomba ili wale, na Jeanne aliona heri aombe yeye kwa niaba yao. Akashika kapu, akawa anabisha hodi mlango kwa mlango akipokea mkate, kuni, nguo kuukuu, sarafu. Mwaka 1845 Akademia ya Ufaransa ilimtunuku Tuzo ya Montyon, faranga 3,000.

Yaliyompata ndani ya shirika lake yanauma. Mwaka 1843 wenzake walimchagua tena kuwaongoza, lakini Padri Auguste Le Pailleur, aliyekuwa mlezi wao wa kiroho, akautengua uchaguzi huo na kumweka Marie Jamet, msichana wa miaka 23. Mwaka 1852 Jeanne aliitwa makao makuu, akakatazwa kuzunguka na kapu. Akaishi miaka 27 kando, pamoja na wanovisi ambao wengi wao hawakujua kwamba bibi yule ndiye mwanzilishi. Padri alikuwa amejitwalia sifa hiyo. Roma ilimwondoa Le Pailleur mwaka 1890, Jeanne akiwa ameshafariki tangu 1879, wakati shirika lilipokuwa na masista wapatao 2,400. Alitangazwa mtakatifu mwaka 2009.

Mara moja tu katika miaka hiyo ya kusahauliwa sauti yake ilitakiwa. Mwaka 1865 wakuu walijadili kama shirika lipokee mali za kuliingizia kipato cha kudumu. Jeanne akaulizwa, akashauri wakatae, waendelee kutegemea riziki ya kila siku. Wakamsikiliza. Kwangu mimi, uamuzi huo ndio urithi wake mkubwa, kwa sababu unawalazimu masista kurudi mitaani na sokoni kuomba, na jirani naye anabaki na sehemu yake katika matunzo ya mzee.

Kasarani, Nairobi, masista hao wanaendesha Nyumba ya Wazee. Juu ya nadhiri tatu za kitawa wanaweka ya nne, ya ukarimu, na mzee maskini hupokelewa awe wa dini yoyote.