Kutoka Baraza la Mtaa hadi Kampiringisa

Mtoto wa Kyebando, kitongoji cha Kampala, akikutwa na simu ya mwenzake mfukoni, yatakayompata hutegemea nani kafika kwanza: mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC) au polisi. Sheria ya Watoto ya Uganda ya 1996 ilikusudia awe mwenyekiti. Iliipa korti ya kijiji, inayoongozwa na mwenyekiti huyo, uwezo wa kusikiliza kesi za watoto za wizi, ugomvi, kupiga mtu, kuingia penye mali ya mtu na kuharibu mali. Korti hiyo haina selo. Huamuru fidia, kuomba radhi, kurudisha kilichochukuliwa, au kumweka mtoto chini ya uangalizi wa mtu mzima kwa muda usiozidi miezi 6. Kisalosalo, mtaa wa Kyebando ambako aliyeiba na aliyeibiwa huenda wamepanga vyumba kwenye uwanja mmoja, mpango huo ulikuwa na akili.

Wakoloni walifikiri vingine. Sheria ya Uingereza ya 1933 iliweka shule za maadilisho kwa imani kwamba kijana atolewe kwenye mazingira yaliyomharibu, apelekwe mbali, afunzwe kazi za mikono na nidhamu. Uganda ikaletewa imani hiyo hiyo: shule ya Kampiringisa, wilayani Mpigi, ilifunguliwa 1952. Jina limebadilika, siku hizi ni kituo cha urekebishaji, lakini bado ndicho pekee cha taifa. Wa Arua huenda huko, wa Kyebando huenda huko. Mzazi wa Kyebando anayetaka kumwona mwanawe huvuka Kampala nzima, kisha ashike barabara ya Masaka.

Sheria ya 1996 ilipandisha umri wa kushtakiwa kutoka miaka 7 hadi 12. Ikakataza mtoto kulala kituo cha polisi zaidi ya saa 24 au kuchanganywa na wakubwa. Ikafupisha pia kifungo: miezi 3 kwa aliye chini ya miaka 16, miezi 12 kwa aliyezidi hapo, na miaka 3 ikiwa kosa lingestahili kunyongwa.

Hilo la mwisho ndilo lililozaa matatizo. Mwaka 1990 Bunge lilikuwa limepandisha umri wa msichana kuridhia hadi 18 na kufanya adhabu ya kulala naye chini ya umri huo ifike kifo. Lengo lilikuwa watu wazima wenye kuharibu watoto. Lakini mvulana wa miaka 15 aliyependana na binti wa jirani alinaswa humo humo, na shtaka la aina hiyo halikusikilizwa na yeyote ila Mahakama Kuu. Akapelekwa mahabusu ya watoto ya Naguru, kusubiri. Sheria ilimruhusu asubiri hadi miezi 6, yaani mara mbili ya adhabu ambayo angepewa mwenzake aliyeiba. Ilichukua hadi 2007 kwa Bunge kurekebisha, likaagiza kesi za watoto kwa watoto zifuate Sheria ya Watoto.

Kabla ya Naguru kuna kizingiti kingine, umri wenyewe. Asiye na cheti cha kuzaliwa hupelekwa kwa daktari na fomu ya polisi namba 24. Daktari humwambia afungue mdomo, akague magego ya mwisho, aandike makadirio. Ikiandikwa 17, ni mtoto. Ikiandikwa 18, ni Luzira, gereza la wakubwa.

Na korti ya kijiji? Ilizaliwa na mabaraza ya vuguvugu tawala la NRM, yaliyopewa nguvu za kuhukumu mwaka 1988. Kisha 2007, katika kesi ya Rubaramira Ruranga, Mahakama ya Katiba ikasema viongozi wa LC wa vijiji na parokia hawapo kihalali, kwa kuwa walichaguliwa chini ya mfumo usio wa vyama. Uchaguzi mpya ulikuja Julai 2018, watu wakipanga foleni nyuma ya wagombea. Miaka 11 mizima, mahakama iliyo karibu zaidi na mtoto wa Kyebando ilikaa bila mwenyekiti halali, huku mahakama za mbali zikiendelea na kazi. Kwa maoni yangu, muda huo uliwazoesha wazazi na walalamikaji kwenda moja kwa moja polisi. Mwenyekiti akabaki na muhuri wake, na kazi ya kuandika barua ya kuitambulisha familia ya mtoto kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye mahakama humsikiliza kabla ya kuamua kama mtoto arudi nyumbani.