Kitambaa cha Redio na Sauti ya Taifa

Tunapotaja utamaduni wa taifa letu, aghalabu fikra hukimbilia ngoma, ngano na vyungu. Katika ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, wafinyanzi wa Kikisi wa Ikombe wanastahili kutajwa kwanza, kwani vyungu vyao vilisafirishwa kwa mitumbwi hata kufika masoko ya mbali. Lakini katika baadhi ya nyumba za Kyela kimo chombo kingine kilichojenga maisha yetu: redio ya zamani ya sanduku la mbao, yenye kitambaa kilichowambwa mbele ya spika. Wengi hukidhania kitambaa hicho kuwa pambo tu, na kwa kosa hilo redio nyingi zisizo na ubovu zimetupwa.

Historia yake si ndefu. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika Julai 1951. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1949, huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilitolewa redio ya betri yenye umbo la sufuria, kwa bei ya pauni 5. Kituo cha Lusaka kilitangaza pia kwa Kinyanja, na mawimbi mafupi hayasimami kwenye Mto Songwe kungoja ruhusa ya kuvuka mpaka. Baadaye zikaja redio ndogo za transista, nazo zikaenea vijijini. Kwa redio wananchi walisikia habari za Uhuru mwaka 1961 na Azimio la Arusha mwaka 1967. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walikusanyika katika vikundi, kila kikundi na redio yake, wakajifunza kuchimba vyoo na kujikinga na malaria.

Hebu tufikiri, basi: kikundi kizima kikitegemea spika moja, itakuwaje spika hiyo ikiwa haisikiki vema? Ndani ya spika mna karatasi ya mviringo inayotikisika na kuzaa sauti. Nyuma yake, katikati ya sumaku, mna koili ya waya mwembamba iliyo katika upenyo mdogo sana. Vumbi likiingia hapo, sauti hukwaruza. Karatasi ikichanika, sauti hupasuka. Kazi ya kitambaa ni kuzuia vumbi, wadudu na vidole vya watoto, bila kuizuia sauti. Huko Kyela kazi hiyo ni ngumu zaidi. Mvua za masika ni nyingi, unyevu hulegeza gundi na kuozesha nyuzi, na wadudu wadogo wa ziwani huinuka juu ya maji kama moshi, kisha upepo ukawaleta nchi kavu.

Kitambaa kinapochanika, wengi huchukua kipande chochote, pengine cha kanga, wakakibandika. Kanga ni vazi zuri, lakini nyuzi zake zimebanana. Sauti nyembamba hukwama humo, na herufi kama s, sh na f hufifia. Msomaji wa habari akisema “fika”, msikilizaji hudhani amesema “shika”. Kisha redio hulaumiwa kwamba imezeeka, kumbe imefungwa mdomo.

Njia iliyo bora ni hii. Chagua kitambaa chepesi. Kiinue mbele ya mwanga uone matundu yake, kisha kipulizie, nayo pumzi ipite bila shida. Toa ubao wa spika, bandua kitambaa cha zamani polepole, lainisha gundi iliyobaki kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, na uuache ubao ukauke. Wamba kitambaa kipya kwa kuanzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni, ukihakikisha nyuzi zimenyooka, bila kukivuta mno. Ikiwa mpasuko ni mdogo, kipande chepesi chenye gundi kidogo kando kando kwa upande wa nyuma kitatosha. Lakini tahadhari: redio ya taa inayotumia umeme huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuzimwa na kuchomolewa. Hiyo afunguliwe fundi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tarehe 14 Oktoba 1999, Rais Benjamin Mkapa alipolitangazia taifa kifo cha Mwalimu Nyerere, sauti yake ilipita katika vitambaa kama hivi, nayo majonzi yakaingia majumbani. Mwanafunzi atakayeikuta redio kuukuu kwa babu yake asikubali itupwe kabla hajakitazama kitambaa chake. Akiibadilishia kitambaa, na akihifadhi kile cha zamani pamoja na habari za waliokuwa wakiisikiliza, atakuwa ameandika ukurasa mmoja wa historia ya nchi yake.