Meno, Mguu na Mkono: Safari ya Mshono Uliolingana

Pita mjini Silibwet, hapa Kenya, mwezi wa Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, na utavisikia vyerehani kabla hujaviona. Vinakanyagwa verandani, sare ikitoka, nyingine inaingia. Vingi ni vile vyeusi vya Butterfly kutoka Shanghai, vilivyoundwa kwa mfano wa Singer ya zamani. Pembeni kuna kijiti chenye namba: ukikishusha mshono unarefuka, ukikipandisha hadi juu cherehani kinarudi nyuma kufunga uzi.

Kijiti hicho kilitoka mbali. Elias Howe wa Marekani alipopata hataza ya cherehani chake mwaka 1846, kitambaa kilitungikwa kwenye pini za bamba la chuma. Bamba likifika mwisho, fundi alisimama akatungika upya. Aliyelimaliza tatizo hilo ni Allen Wilson, fundi wa samani, mwaka 1854. Aliweka meno madogo chini ya kitambaa: yanapanda, yanauma, yanasogeza, yanashuka na kurudi. Tangu hapo urefu wa mshono ukawa kazi ya meno. Nyanda zetu zilikipokea cherehani kwa njia ya reli, iliyofika Ziwa Victoria mwaka 1901, na maduka ya Wahindi yaliyoifuata.

Lakini meno hujua kwenda mbele na nyuma tu. Kwa kudarizi vitambaa vya kochi, au kushona mfarishi, yaani vitambaa viwili vyenye pamba katikati, mstari unatakiwa utambae kama mche wa boga. Hapo fundi huyashusha meno au huyafunika, na kitambaa akakiongoza kwa mikono miwili. Mkono ukiutangulia mguu, mishono inakuwa mirefu na kunasa kucha. Ukisita, uzi unarundikana na kukatika. Kuvilinganisha viungo hivyo viwili huchukua miaka, na mimi sijaona ufundi wa cherehani ulio mgumu kuliko huo.

Mwanzoni mwa karne hii kampuni ya Bernina ya Uswisi, yenye asili yake Steckborn mwaka 1893, ilikuja na mguu wa cherehani wenye jicho. Jicho hilo husoma mwendo wa kitambaa na kuiambia mota iongeze kasi au ipunguze, ili kila mshono ulingane na mwenzake. Vyerehani vikubwa vya mifarishi huko Marekani hupima mwendo wa kichwa cha cherehani kwa magurudumu. Ni uvumbuzi wa heshima, ila unahitaji mota ya kuamrishwa. Kanyagio haliamrishwi na jicho. Linamsikiliza mwenye mguu peke yake.

Kwa hiyo ukipeleka kitambaa kudariziwa verandani, kigeuze kwanza uitazame mishono upande wa nyuma. Ukiikuta imelingana kwenye kila kona ya ua, mlipe fundi bei aliyoitaja.