Weusi Uliorudi Kijani

Mtu wa pwani aliyelelewa na bibi mvaa kaniki hahitaji kufunzwa nili ni nini. Lakini pengine hajapata kuambiwa ya kuwa neno hilo, walilolichukua Wareno kwa Waarabu wakalitamka anil, ndilo lililozaa jina la anilini, pale mkemia Fritzsche, mnamo mwaka 1840, alipoitia nili motoni pamoja na magadi makali akapata mafuta yasiyo na rangi. Baadaye ikadhihiri kwamba mafuta hayo yamo pia katika lami ya makaa ya mawe, takataka ya viwanda vya gesi, na nili yenyewe haikuhitajika tena kuyapata.

Mwaka 1862 Henry Letheby, tabibu wa London aliyeshughulika na elimu ya sumu, alipitisha umeme katika anilini iliyotiwa asidi ya sulfuriki, akaona utando wa buluu iliyokoza ukijifanya juu ya kibati cha platinamu; utando ambao, ukinyang'anywa oksijeni, rangi yake hutoweka, na ukirudishiwa, hurejea.

Mwaka uliofuata, huko Accrington katika Lancashire ya viwanda vya pamba, John Lightfoot alipata hataza ya weusi wa anilini. Kitambaa kilichapwa kwa chumvi ya anilini, klorati ya potasi na chumvi ya shaba, kikatundikwa katika chumba chenye joto na unyevu hata kikageuka kijani cha kukolea, na ndipo kilipooshwa kwa maji ya magadi kikawa cheusi kushinda kaniki. Shaba ile ilikula visu vya mashine, na pamba ikadhoofika. Hayo yalipatiwa dawa upesi. Ila iliyowasumbua watia rangi kwa miaka mingi ni nyingine: penye moshi wa makaa, weusi ule uliiacha ahadi yake, na mwavuli uliotoka dukani mweusi ukazeeka wa kijani.

Sababu ni kwamba mada ile, ambayo leo huitwa polianilini, ina hali tatu, na kila hali ina rangi yake: ikishiba elektroni huwa ya manjano hafifu, zikiondolewa kiasi huwa kijani, zikizidi kuondolewa huwa buluu inayoelekea zambarau, ambayo ikikolea huonekana nyeusi, na moshi huirudisha kwenye kijani. Kupokea na kutoa huko kwa elektroni ndiko kazi ya betri. Hata hivyo, ni baada ya wanasayansi Shirakawa, MacDiarmid na Heeger kuonyesha, mwaka 1977, kwamba jamii ya plastiki yaweza kupitisha umeme, ndipo MacDiarmid alipoigeukia rangi hii kongwe. Na mwaka 1987 Wajapani wakauza betri ndogo za polianilini mfano wa sarafu.

Siku hizi polianilini hutandazwa juu ya plastiki laini, tabaka mbili zikitenganishwa na ute wenye asidi, na mwenye chombo husoma kiasi cha chaji kwa kutazama rangi tu. Taabu ni kwamba utando mwembamba angavu wa oksidi ya indiamu na bati, unaopitisha umeme kwenye plastiki hiyo, hupasuka ukikunjwa, na polianilini yenyewe, kwa kuvimba na kusinyaa, huchoka. Kwa hiyo wengine, pasipo haja ya kuona upande wa pili, wamerudia kitambaa, safari hii cha kaboni: hukichovya katika anilini yenye asidi na dawa inayoondoa elektroni, takriban kama alivyofanya Lightfoot, kikatoka kijani; wala hawakioshi kwa magadi, kwani magadi huuondoa uwezo wa kijani kile wa kupitisha umeme.