Ki, Gi, Ji: historia ya lafudhi kutoka Shinyanga hadi machimbo ya Geita

Mtu wa Shinyanga akitaja lugha ya kwao husema Jisukuma. Wa Bariadi, kaskazini mashariki, husema Gisukuma. Ukivuka maji kutoka Kigongo hadi Busisi, zamani kwa kivuko na sasa kwa daraja, ukashika njia ya Sengerema na Geita, unakuta Kisukuma. Lugha ni ileile na wasemaji wanaelewana bila mkalimani, ila kiambishi hicho kifupi kinatosha kumtambulisha mtu na upande anakotoka kabla hajamaliza sentensi ya kwanza.

Dar es Salaam hawajui hayo. Huko "lafudhi ya Kisukuma" ni moja, ya kuchekeshea watu jukwaani: r zote zigeuke l, sauti ipandishwe, basi. Anayeifahamu Kanda ya Ziwa anajua kwamba lafudhi hiyo ni nyingi, na kwamba kila tabaka lake limewekwa na tukio ambalo mara nyingine hata mwaka wake unajulikana.

Tabaka la chini kabisa ni la pande za dunia. Kwa Kisukuma na Kinyamwezi, sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki na ng'weli ni magharibi. Wanyamwezi wa Tabora waliwaita majirani zao wa kaskazini Basukuma, na jina likashika. Kwa hiyo jina la kabila kubwa kuliko yote Tanzania lilianza kama jibu la swali la kawaida tu: wale wanakaa upande gani? Na jibu hubadilika kwa kutegemea anayejibu amesimama wapi. Kwa mtu wa Kwimba, wa Shinyanga ni Mdakama. Mfuate huyo wa Shinyanga hadi Kahama, atakuambia Wadakama wako mbele zaidi, huko Nzega na Tabora.

Lahaja nazo zilipata majina kwa mtindo huohuo. Jinakiya ni usemi wa mashariki, wa Maswa na Shinyanga. Gimunantuzu ni wa Bariadi. Kimunasukuma ni wa Mwanza na upande wa magharibi. Kabla ya ukoloni hapakuwa na mtu aliyehitaji kuchora mipaka yao, maana nchi ilikuwa makumi ya himaya ndogo za watemi, na usemi ulibadilika kidogo kidogo kadiri ulivyotembea. Wajerumani, na Waingereza baada yao, ndio waliotaka kabila liwe na mwanzo na mwisho kwenye ramani. Mwaka 1946 watemi wa Usukuma waliwekwa pamoja katika shirikisho lenye makao yake Malya. Nadhani tangu hapo ndipo neno lililomaanisha upande likaanza kumaanisha watu wa damu moja.

Wakoloni pia waliandika walichoweza kusikia, na hawakusikia yote. Mji ambao wenyeji huuita Ng'wanza, Wajerumani waliuandika Muansa, Waingereza wakauandika Mwanza, na ng' ya mwanzo ikaachwa ufukweni. Ng'wanamalundi, gwiji wa ngoma na miujiza ambaye habari zake zinasimuliwa hadi leo, mara nyingi huandikwa Mwanamalundi. Ile pumzi inayotokea puani katika mhola, neno la kujibia salamu lenye maana ya amani, haina herufi yake katika Kiswahili. Bahati nzuri wilaya iliyoanzishwa mwaka 2012 mkoani Geita iliandikwa Nyang'hwale, h yake ikiwa mahali pake. Watangazaji wa pwani huteseka nayo hadi leo.

Yuko Mzungu mmoja aliyesikia vizuri. Chukua namba tatu. Kwa Kiswahili ina t mbili. Kwa Kisukuma ni idatu, na sita ni itandatu. Ile t iliyotangulia imelainika kuwa d kwa sababu silabi inayofuata nayo ina t, kana kwamba ulimi unakwepa kurudia kishindo kilekile mara mbili. Edmund Dahl, mmisionari Mjerumani wa Kanisa la Moravian aliyefanya kazi Unyamwezi, aliuona utaratibu huo, na mwaka 1903 mwanaisimu Carl Meinhof akautangaza kwa jina la Dahl. Wanaisimu wa dunia nzima huuita Kanuni ya Dahl hadi leo. Ndio unaoeleza kwa nini Wakikuyu wa Kenya huita lugha yao Gĩkũyũ, yenye g mbele ya k. Kihaya hakina d hiyo: tatu yao ni ishatu.

Tofauti hiyo inatupeleka Geita, kwa sababu Geita ndiko lugha za aina hizo mbili zilikokutana. Wengi hudhani Geita ni Usukuma tangu zamani. Sivyo. Wenyeji wake ni Wazinza, ambao lugha yao ni ndugu wa Kihaya na Kikerewe, pamoja na Warongo, wafua chuma waliohesabiwa miongoni mwa Wazinza. Kabla dhahabu haijaanza kutajwa, madini ya Geita yalikuwa chuma, na mafundi wake walisema Kirongo. Upande wa Bukombe na Mbogwe walikuwapo Wasumbwa, wasafiri wakubwa wa karne ya 19. Msiri, aliyeanzisha dola ya Wayeke huko Katanga na kuuawa mwaka 1891, alitoka kwao, na Kiyeke cha Kongo bado kina undugu wa wazi na Kisumbwa. Huyo ni msemaji wa ukanda huu aliyesafirisha lafudhi yake hadi Bunkeya, na hakuna aliyemcheka.

Wasukuma walianza kuhamia Geita kwa wingi katika miaka ya 1940 na 1950. Mashariki ng'ombe walikuwa wengi na ardhi imechoka. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa maendeleo ya Usukuma, misitu yenye mbung'o ilifyekwa, na pamba ilikuwa inaleta fedha. Familia zilifika na mifugo kutoka Kwimba, Maswa na Shinyanga, kila moja na Ji, Gi au Ki yake. Mwaka 1958 Geita ilipolipuka kwa maandamano ya kupinga baraza la utawala la mchanganyiko wa rangi, waliosimama pamoja barabarani walikuwa watu ambao wazazi wao hawakukulia kijiji kimoja. Lahaja zilizotenganishwa na siku kadhaa za kutembea zikawa sasa zinachota maji kisima kimoja. Kizinza kikaanza kurudi nyuma.

Kiswahili nacho kilikuja kwa miguu. Wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda pwani na kurudi miaka mingi kabla ya Wajerumani, na John Hanning Speke alipotoka Tabora kwenda ziwani mwaka 1858 alipita njia ambayo Kiswahili kilishaizoea. Kisha zikaja boma, misheni, shule na mgodi. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui, karibu na Shinyanga, na wafanyakazi wa makabila mbalimbali wakajikuta wanaishi ndani ya uzio mmoja. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulikuwa umekwisha kuanza katika miaka ya 1930, ukaendelea hadi ulipofungwa mwaka 1966. Katika kambi kama hizo Kiswahili hakikuwa somo la darasani. Kilikuwa lugha ya zamu, mshahara na ugomvi.

Kisukuma hakina r, wala th, dh na gh zilizokuja Kiswahilini kutoka Kiarabu. Matokeo yake rafiki akawa lafiki, thamani ikawa samani, na dhahabu yenyewe, iliyoutajirisha ukanda huu, ikawa zahabu. Gari ghali likawa gali gali, na hapo nakiri hata mimi hucheka. Ila s na z badala ya th na dh utazisikia nusu ya Tanzania Bara, hata kwa watu wanaowacheka Wasukuma. Lililo la Usukuma hasa ni mwimbo. Kisukuma kina irabu saba na kina toni, na sauti ya juu inayozaliwa katika silabi moja huweza kujitokeza silabi mbili mbele. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara. Mtu aliyelelewa kwa utaratibu wa kwanza akisema lugha ya utaratibu wa pili, sentensi yake hupanda na kushuka mahali ambapo sikio la pwani halikutazamia. Huko si kukosea. Masikio yake yalifundishwa muziki mwingine kwanza.

Hicho kinachoitwa sanifu nacho kilitoka mahali. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja, usemi wa mji wa Zanzibar, kuwa msingi wa Kiswahili cha shule, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kukisimamia katika Afrika Mashariki. Wamombasa walinung'unika. Wa Shinyanga hakuulizwa.

Hata hivyo bara ililipa kisasi chake, na silaha yake ni silabi moja: ga. Lugha nyingi za bara, Kisukuma kikiwamo, huweka -ag- mwishoni mwa kitenzi kuonyesha jambo la kila siku. Wasemaji wakaihamishia kwenye Kiswahili: "anakujaga saa mbili", "tulikuwaga tunalima pamba". Vitabu vinakataza, walimu wanakata alama, nayo haisikii. Leo utaisikia Kariakoo, Mbezi na kwenye tamthilia, kwa vijana ambao hawajawahi kuona mti wa pamba. Umbo linalonifurahisha zaidi ni "huwaga". Mwanzoni lina hu- ya pwani, inayomaanisha mazoea, na mwishoni -ga ya bara, inayomaanisha mazoea vilevile. Pwani na bara zimeshikana ndani ya kitenzi kimoja, kila moja ikisisitiza neno lake. Naamini kamusi za kesho zitaliingiza.

Wimbi kubwa la mwisho ni la dhahabu. Biashara ya madini ilipolegezwa kuelekea miaka ya 1990, watu walimiminika Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na Bulyanhulu. Bulyanhulu wachimbaji wadogo waliondolewa Agosti 1996, na mgodi mkubwa ukafunguliwa hapo mwaka 2001. Geita ulitangulia kwa mwaka mmoja. Watu wa Mkoa wa Geita, waliokuwa milioni 1.7 katika sensa ya 2012, walikaribia milioni 3 mwaka 2022. Panapotokea rashi, yaani habari za dhahabu mpya, kambi hujaa katika siku chache watu wa Singida, Mara, Kigoma na Kahama, na lafudhi zote hukutana kwenye mdomo wa duara, kama wanavyoliita shimo la kuchimbia. Mawe hupelekwa kwenye karasha, unga huoshwa kwenye mwalo, dhahabu hukamatishwa kwa zebaki na kupimwa kwa pointi, na mchanga uliokwisha oshwa ni marudio. Mawe taka ya mgodi mkubwa ni magwangala. Msamiati huo hautofautiani baina ya Mzinza na Mnyiramba. Ki, Gi na Ji hazisaidii chochote chini ya ardhi.

Kiingereza nacho kina lafudhi zake hapo. Mgodi wa Geita ulifunguliwa na Ashanti ya Ghana, AngloGold ya Afrika Kusini ikaingia ubia, na mwaka 2004 kampuni hizo zikaungana. Bulyanhulu ikawa ya Wakanada. Kijana aliyetoka sekondari za Shinyanga na Kiingereza cha ubaoni aliajiriwa akakuta cha Accra, cha Johannesburg na cha Toronto, vyote vikitoa amri za usalama kwenye redio moja ya mkononi. Kwake wote walikuwa na lafudhi, na ni wao waliolipwa zaidi.

Mambo yamebadilika kwa upande mmoja. Fid Q, msanii wa Mwanza, amejiita Ngosha kwa majivuno, neno lenye maana ya mwanamume ambalo mjini lilikuwa la utani. John Magufuli, mzaliwa wa Chato, alikuwa rais kuanzia Novemba 2015 hadi alipofariki Machi 2021, na alisalimia mikutano kwa Kisukuma bila kuomba radhi. Lafudhi ya Kanda ya Ziwa ikasikika kwenye taarifa ya habari kila usiku, kwa kinywa cha mkuu wa nchi mwenyewe.

Kizinza na Kirongo havikupata bahati hiyo. Redio za Tanzania hutakiwa kutangaza kwa Kiswahili au Kiingereza, shule haina nafasi ya lugha za nyumbani, na tangu sensa ya 1967 hakuna sensa iliyouliza kabila. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, kazi ya thamani kubwa, lakini atlasi haina sauti. Mjukuu wa Geita leo anasema Kisukuma cha sokoni na Kiswahili cha machimboni. Kizinza anakisikia msibani. Msomaji mwenye bibi au babu anayekijua vizuri, mwombe akusimulie alivyoolewa au alivyooa, alivyofua chuma baba yake, alivyoita kila upepo wa ziwani. Rekodi kwa simu yako, andika mahali na mwaka, na nakala moja ipeleke chuoni.